Kitanda cha Tano Hakikuwa na Mlinzi

Saa tisa na dakika kumi na saba mchana, siku ya Jumanne, mshale wa mizani ulikataa kutulia.

Nilikuwa kwenye depo ya Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, katika soko moja la upande wa Walikale. Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua zilizoharibika na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kilichokosa jalada. Nilikuwa nimeshika mizani ya kuning'iniza kwa mkono wa kulia, chini yake kuna jiwe la kilo tano ninalotembea nalo kila mahali. Mshale ulipaswa kusimama kwenye tano. Ulikwenda nne, ukarudi sita, ukaenda tena nne. Nilitazama saa yangu, kwa sababu huwa ninaandika saa ya kila kipimo.

"Papa Mizani, leo hii kitu imekushinda?" Kasereka aliniuliza kutoka nyuma ya meza yake.

"Chemchemi yake imechoka."

Alikuja akaichukua mkononi mwake. Mshale ukasimama kwenye tano, kimya kabisa.

"Mizani iko nzima," alisema. "Njo wewe unatetemeka." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Siku nne kabla, ndoano ya mizani nyingine ilinichoma kiganja cha mkono wa kushoto, chini ya kidole kidogo. Nilifanya kama tunavyofanya sisi wote huku. Nilinunua kapsuli mbili za rangi mbili kwenye meza ya muuza dawa, nikazifungua, nikamwaga unga wake juu ya kidonda, nikafunga kitambaa. Unga ule hukauka na kuwa ganda gumu. Ukigonga kwa ukucha, unasikia kama saruji. Nikaridhika kwamba kidonda kimefungwa. Kilikuwa kimefungwa juu tu. Ninaandika hili mwanzoni kwa sababu kama utasoma ukurasa mmoja tu wa simulizi hii, uwe huu: unga wa kapsuli haumezwi na kidonda. Na ukianza kutetemeka huku jua linawaka, usingoje kesho.

Mimi nilingoja kesho. Asubuhi ya Jumatano mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko. Kasereka alimwita Claude, motard wake, yaani mwendesha pikipiki anayembebea mizigo. Alinifunga mgongoni mwa Claude kwa kamba ya mpira, kama jerikani. Mahali barabara ilipokuwa imekatwa kwa sababu ya vita, watu wanne walinibeba kwa tipoye, kiti cha mianzi kinachobebwa mabegani. Siwajui majina yao. Nakumbuka tu kwamba mmoja alikuwa anakohoa, na kwamba wakati wa kunishusha mtoni alisema, "Pole, Papa, maji iko baridi," kabla maji hayajanifikia.

Tulifika hospitalini Masisi siku ya Alhamisi. Hiyo ndiyo ninaiita siku ya kwanza.

*

Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa na vitanda sita. Mimi nilikuwa cha tano, kati ya dirisha na mtu wa kitanda cha nne aliyeitwa Gédéon, mkulima na mfugaji kutoka Burungu. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, ule ambao kidonda kimoja kinaingia katika damu yote na damu yote inaanza kupigana na mwili. Yeye ulimwanzia mguuni.

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Ana mtu wake, tunamwita garde-malade. Huyo ndiye anayepika, anayefua shuka, anayeenda kutafuta dawa isiyopatikana, anayejua mgonjwa analalia ubavu gani. Hospitali ina banda lao, lenye mafiga na kamba za kuanikia. Nesi akija jambo la kwanza hamuulizi mgonjwa. Anauliza, "Garde-malade iko wapi?"

Mimi sikuwa naye. Mke wangu, Neema, alikuwa Bweremana kando ya ziwa pamoja na watoto wetu watatu. Niliwapeleka huko mapigano yalipokaribia nyumba yetu Karuba. Claude alikuwa mwanaume wa barabarani, hakuwa na ruhusa ya kukaa. Simu yangu ilibaki mtoni.

Saa sita mchana mlango ulifunguliwa na kina mama waliingia na sufuria zilizofunikwa kwa vitambaa. Kila mmoja alikwenda kwenye kitanda chake. Chumba kilijaa harufu ya maharagwe na sauti za kuulizana, "Umelala?" "Imekuuma tena?" Waliongea kwa sauti ndogo, kila kitanda na kikundi chake, na mimi niligeukia dirisha ili wasione kwamba ninasikiliza. Sikuwa na njaa. Sikuweza hata kumeza mate. Lakini nilitamani mtu aniletee sufuria nikatae.

Nilihesabu misumari ya bati la juu. Niliisoma karatasi ya chupa ya serumu, yaani maji ya mshipani, mpaka nikaikariri, pamoja na alama ya joto la kuhifadhia. Hivyo ndivyo siku ya kwanza na ya pili zilivyopita.

Kila asubuhi saa moja na nusu Dokta Yvette alikuja na kisanduku cha barafu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Mbali na damu ya vipimo vya kawaida, alitaka chupa moja ndogo zaidi kwa kila mgonjwa aliyekubali.

"Ndani ya damu iko vitu vinaitwa enzimu," alituambia. "Mahali pao ni ndani ya viungo. Kiungo kikiumia, vinamwagika mu damu. Tunataka kujua kama vinapanda kabla ya sisi kuona hatari kwa macho."

"Kwa hiyo vitasema nani atakufa?" nilimuuliza.

"Hatujui bado. Njo maana tunapima."

Nilikubali mara moja. Mtu asiyejua akisema hajui, ninamwamini. Gédéon naye alikubali, lakini Dokta alipoondoka, Gédéon aligeuza kichwa chake kwangu. Alikuwa na uso mrefu na meno mazuri, na homa haikuwa imemnyang'anya mdomo.

"Wewe wa mizani. Umeona ile chupa?"

"Nimeiona."

"Piga hesabu. Bitanda sita, kila asubuhi. Kwa mwezi inafika kilo ngapi ya damu? Na kilo moja banauzisha ngapi Goma?"

"Chupa ile haifiki gramu tano, Papa Gédéon."

"Gramu tano ya kwangu ni kilo moja ya bantu wengine. Mimi ni muntu wa maziwa."

Mke wake, Sifa, aliyekuwa anamkanda mguu, alimpiga kidogo begani. "Nyamaza. Ungekuwa na damu ya bei, ningeshakuuza zamani."

Alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka. Niliona wivu. Si wa damu, wa lile kofi dogo la begani.

*

Siku ya tatu madaktari walikata vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, kidogo na kile cha pili yake. Siku ya nne sikumbuki asubuhi yake. Kuanzia hapo mpaka siku ya tisa ninaandika kwa kufuata niliyoambiwa.

Siku ya nne namba yangu, ile ya enzimu, ilikuwa mbaya kuliko ya mtu mwingine yeyote chumbani. Dokta Yvette aliniambia mwenyewe baadaye, bila kutaja namba za wenzangu. Mkojo ulikuwa umekauka. Ncha za vidole vya miguu zilikuwa nyeusi. Siku hiyohiyo Claude, aliyekuwa bado amekwama Masisi akisubiri barabara ifunguliwe, alikuja kuuliza habari zangu mlangoni. Nesi alitikisa kichwa na kumwambia, "Uambie familia bajitayarishe."

Barabara ilipofunguliwa, Claude alikwenda kwa Kasereka na ujumbe huo. Siku ya sita alirudi. Kasereka alikuwa mtu wa kanisa na wa taratibu. Mfanyakazi wake hawezi kuzikwa katika turubai. Alituma pesa ya mbao, ya misumari, na ya seremala. Claude alipoingia alimkuta mwanamke ameinama kwenye kitanda cha tano, ananifuta midomo kwa pamba yenye maji. Alikuwa Sifa. Mume wake alikuwa amelala, na midomo yangu, alivyoniambia baadaye, ilikuwa imepasuka na hakuna aliyeifuta tangu asubuhi.

"Mama, pole sana," Claude alimwambia, akamwekea bahasha mkononi. "Papa Kasereka anasema hii ni ya mbao."

"Mimi haiko bibi yake..."

"Kizuizi kinafunga saa kumi, Mama. Nisamehe." Akaondoka mbio.

Sifa aliifungua, akazihesabu noti, akazifunga katika pembe ya kitenge chake, fundo mara tatu.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Gédéon alikufa.

Burungu hakukuwa na njia ya kwenda. Mapigano yalikuwa kati yetu na huko. Sifa alimzika nyuma ya kanisa, katika kiwanja ambacho hospitali huzika wasio na kwao karibu. Wagonjwa wengine walimpa watu wa kuchimba. Mbao hakuwa nazo. Gédéon alizikwa ndani ya blanketi ya hospitali na mkeka wa Sifa mwenyewe.

Nami nilikuwa ninahema kitandani, na pesa ya jeneza langu ilikuwa kiunoni mwake.

*

Nilipofungua macho siku ya tisa, mchana, nilimwona Sifa amekaa kati ya vitanda viwili. Kitanda cha nne kilikuwa kimetandikwa vizuri. Koo langu lilikuwa kama limejaa mchanga.

"Gédéon amerudi nyumbani?" nilimuuliza.

Alinipa maji kwa kijiko, vijiko vitatu, kisha akasema, "Amepumzika."

Sikuwa na machozi. Mwili wangu haukuwa na maji ya kuyatengeneza.

Garde-malade ambaye mgonjwa wake amekufa lazima atoke kwenye banda. Ndivyo sheria ilivyo, kwa sababu nafasi ni ndogo na wapya wanafika kila siku. Sifa hakuwa na pa kwenda. Siku ya mazishi alikwenda kwa nesi anayeshika daftari la walinzi akamwambia, "Wa kitanda cha tano hana muntu. Sasa huyu njo mugonjwa wangu." Nesi aliuliza ni nani wake. Akasema, "Andika dada." Niliona daftari hilo baadaye. Kwenye mstari wangu, uliokuwa mtupu kwa siku saba, kuna neno hilo kwa kalamu nyekundu.

Usifikiri kwamba kuanzia hapo upweke uliisha. Sifa alikuwa anaomboleza, na maombolezo yake hayakunihusu. Alipika, akanilisha, akaosha shuka zangu zenye usaha, na siku nzima aliweza kusema maneno kumi. Akimaliza alikaa akitazama kitanda cha nne, ambamo sasa alilala mzee mwingine. Nilijua kwamba kila mara akinitazama anahesabu: wawili waliingia, huyu ndiye aliyebaki. Mimi pia nilihesabu hivyo. Tulikuwa watu wawili walio peke yao karibu karibu.

Mwili nao haukuwa wangu. Ngozi ya viganja ilitoka yote kama soksi. Nywele zilibaki kwenye mto. Walinipima kwenye mizani ya hospitali, nikasoma kilo arobaini na tisa. Kabla ya ugonjwa nilikuwa na sabini na moja. Nilimwambia nesi mizani yake inapunguza. Alinijibu, "Papa, mizani iko sawa. Njo wewe umepungua." Nilikuwa nimeshasikia maneno kama hayo.

Siku ya kumi na mbili niliweza kukaa. Sifa alifungua fundo la kitenge chake mbele yangu, mara tatu, akaziweka noti juu ya shuka.

"Ya Papa Kasereka. Alituma kwa mbao yako."

Alinieleza ziliingia mkononi mwake siku gani. Nilihitaji muda kuzipanga siku hizo kichwani: ya sita, ya saba. Kisha nikaelewa.

"Ulikuwa nazo," nilimwambia. "Siku ya mazishi ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Kwa nini hukununua mbao kwa Gédéon?"

"Haikuwa ya Gédéon." Alikunja kitenge. "Na wewe ulikuwa unakufa. Ungekufa kesho yake, ningekuzika na nini? Ningeandikwa dada na nikule mbao ya kaka?"

Nilimsukumia zile noti, nikamwambia azichukue. Alizirudisha. Nilisukuma tena. Mzee wa kitanda cha nne alisema, "Mukizichoka, mimi niko hapa." Sifa aliniambia, kwa hasira kidogo, "Bado unatetemeka. Kijiko kinakushinda. Ile pesa kazi yake haijaisha. Siku utashika mizani na mshale utatulia, njo unipe."

*

Simu nilipata siku ya kumi na tano, ya nesi mmoja, baada ya mtandao kurudi. Namba ya Neema ninaijua kwa kichwa.

"Neema, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Baba watoto."

"Wewe muntu, Mungu anakuona. Nimekalia kilio siku tano, na wewe unanichezea?" Akakata.

Karani wa Kasereka, anayeuza samaki Bweremana, alikuwa amemwambia kwamba mbao zimeshatumwa. Kwa mwanamke mwenye akili mbao zikishatumwa mambo yamekwisha. Alikuwa ametandaza mikeka, majirani wamewasha moto, watoto wangu wamenyolewa. Na sauti yangu haikuwa yangu. Nilipiga tena.

"Usikate. Niulize kitu."

Nilisikia akihema. Kisha akasema, "Mizani yetu ya nyumba. Kilo moja yake iko gramu ngapi?"

"Mia tisa na tisini na mbili. Nimekukataza mara ngapi kuuzia watu maharagwe nayo?"

Alipiga ukelele ambao nesi aliusikia akiwa mlangoni. Kisha alilia, kisha alinikasirikia, na hasira hiyo ilidumu miezi. Alisema nilimficha, kwamba nilikuwa na dada asiyemjua yeye ananiosha, kwamba watoto wamelia machozi ya bure. Sikujitetea. Mtu aliyekwisha kukuombolezea hawezi kukupokea mara moja kama mtu aliyetoka safarini. Ikiwa yatakufika, mpe mkeo au mumeo muda. Neema naye alikuwa mgonjwa, ila hakuwa na kitanda.

*

Niliruhusiwa siku ya thelathini na nne, mvua za Septemba zikianza na watu wakipanda maharagwe. Kabla sijaondoka Dokta Yvette alinionyesha mstari wangu kwenye daftari lake. Ulipanda mpaka siku ya nne, ukashuka polepole.

"Kwa namba hii nilikuwa nife," nilisema.

"Kwa namba ile moja, ndiyo. Lakini uko hapa, na mwingine ambaye yake haikunitisha hayuko." Alivua miwani. "Bado sijui kuisoma."

Nilimweleza kitu kimoja ninachokijua. Mizani mpya haisemi kweli mpaka uipime kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, mazito na mepesi, mengi, mara nyingi. Nikamwambia, "Sisi tulikuwa mawe yako." Aliandika kitu pembeni ya karatasi, sijui nini. Kwenda kwangu nilipita nyuma ya kanisa. Kaburi la Gédéon lilikuwa na kijiti chenye namba. Nilisimama hapo mpaka miguu ikakataa.

Kasereka alikataa pesa yake. "Ile niliandika mu daftari kama mazishi," alisema. "Nikiirudisha nitaandika nini? 'Maiti amelipa'? Chukua, uende nayo."

Nilikaa Bweremana miezi mitatu bila kazi. Kila asubuhi nilishika mizani na jiwe la kilo tano, na kila asubuhi mshale ulicheza. Neema alipita nyuma yangu na ndoo za maji. Asubuhi moja alisimama, akashika kiwiko changu kwa kidole kimoja tu, na mshale ukapunguza mwendo. Tangu siku hiyo alisimama hapo kila asubuhi, mpaka kidole chake kikawa hakihitajiki.

Barabara ya Burungu ilifunguliwa wakati wa kuvuna maharagwe. Tulikwenda wote wawili. Sifa alikuwa uani anapura. Alimtazama Neema, Neema akamtazama, kisha wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko salamu.

"Njo huyu bibi aliyekalia kilio?" Sifa aliuliza.

"Njo mimi. Na wewe njo dada aliyemuosha?"

"Alikuwa na harufu mbaya, sikudanganyi."

"Hata akiwa muzima," Neema akasema, na wote wawili wakanicheka.

Nilitundika gunia lake kwenye ndoano, nikainua mizani kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto wa vidole vitatu ukiishika kwa chini. Mshale ulipanda. Ulicheza mara mbili, ukasimama.

"Kilo kumi na mbili na nusu," nilisoma.

Sifa alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alingoja. Mshale haukusogea.

"Sawa," alisema, akanyoosha mkono.

Katika ugonjwa huu nilipoteza vidole viwili, kilo ishirini na mbili ambazo zimerudi nusu, msimu mmoja wa kazi, na mtu wa kitanda cha nne ambaye nilimjua siku tatu. Sifa alizihesabu noti mara mbili mbele ya mke wangu, akazifunga katika pembe ya kitenge kilekile, fundo mara tatu. Zilikuwa dola themanini, kamili kama zilivyotumwa.